Ukurasa Aliouita Uongo

Mbuzi alikuwa bado anarusha miguu Donatille aliposikia kengele ya baiskeli kutoka njiani, na moyo wake ukamjua mwenye baiskeli kabla hajatokea kwenye migomba.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Siku zote hizi, aje leo?"

Mama yake, Spès, alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga akipuliza moto. "Unaongea na nani?"

"Na moshi, mama."

"Basi uambie moshi ukupe uso mwingine. Watu wa Polycarpe wakikukuta umevimba hivyo watadhani tunawaozesha mgonjwa."

Nyuma ya nyumba, kaka yake Audace alikitoa kisu katikati ya meno yake akacheka. Alikuwa amemkandamiza mbuzi kwa goti, mikono myekundu mpaka viwikoni. "Atazoea, mama. Mwanamke aliyeolewa na mwenye gari hanuni zaidi ya wiki."

Donatille alimpa mgongo. Tangu Jumatano walikuwa hawasemeshani. Jumatano hiyo Audace alilivuta boksi lake la vitabu kutoka chini ya kitanda, akalimwagia mafuta ya taa, akaliwasha hapohapo uani. Donatille aliutia mkono motoni kuokoa kimoja, akatoka na jalada tupu na malengelenge kwenye vidole. Mara ya pili Audace alimkamata nywele, akamshikilia akiwa amepiga magoti, mpaka karatasi ya mwisho ikawa jivu.

"Binti anayesoma habari za mwezini, ugali atapika lini?" alimwuliza huku akimtikisa kichwa. "Jumapili wanakuja kukuchukua. Sitaki waambiwe dada yangu ana wazimu."

Mama alilia ndani. Hakutoka.

Vitabu hivyo vilitoka kwa mtu mmoja tu. Kassiani alikuwa kijana wa Kikonongo, mrefu, mpole wa kusema, aliyeuza vitabu vilivyotumika juu ya ubao mbele ya stesheni ya Mpanda, pale reli inayotoka Kaliua inapoishia. Wapishi wa treni walimletea mizigo kutoka Tabora, na mapadri waliohama walimwachia maboksi yao. Siku Donatille aliposimama mbele ya ubao ule kwa mara ya kwanza, akiwa na gauni lake la kazi la zahanati, aliuliza swali ambalo Kassiani hakuwahi kuulizwa.

"Una riwaya ya anga isiyo na uongo?"

"Dada, riwaya yote ni uongo. Ndiyo kazi yake."

"Watu wawe wa uongo, sawa. Sayansi iwe ya kweli."

Akampa moja yenye picha ya chombo kinachowaka moto. Wiki iliyofuata Donatille aliirudisha, akaibwaga juu ya ubao. "Chombo kimelipuka huko juu, rubani akaziba masikio kwa ule mlio. Mlio gani? Kule hakuna hewa. Huyu mwandishi anatuona sisi watoto."

Kassiani alicheka mpaka akashika ubao. Kisha akaacha kucheka, akamtazama. Donatille alikuja kumwambia baadaye kuwa macho yale ndiyo yaliyomrudisha pale stesheni, kwa kuwa vitabu vingeweza kungoja.

Tangu hapo Kassiani hakumpa kitabu ambacho hajakisoma mwenyewe. Alisoma polepole, kamusi pembeni, penseli sikioni. Akikuta jambo linalomtia shaka hakulihukumu siku hiyohiyo. Alilala nalo, akamwuliza fundi redio, akamwuliza dereva wa treni, na likishindikana kabisa ndipo alipoandika pembeni, kwa herufi ndogo: *uongo*. Kitabu chenye maneno hayo mengi aliwauzia abiria. Chenye machache alikivisha nailoni nzito, akaibana kwa selotepu, akakificha chini ya ubao kumngoja mwenyewe. Wapo wanaume wanaoleta khanga. Huyu alileta vitabu viwili vitatu kwa mwaka, vikavu, safi, vilivyochujwa kama maji ya kunywa.

Alhamisi, siku moja baada ya moto, Donatille alikwenda stesheni akiwa na mkono uliofungwa bandeji. Kassiani aliutazama mkono. Habari za moto zilikuwa zimeshafika stesheni.

"Nitakwenda kusema na kaka yako."

"Usiende. Atakuua."

"Basi nitasema na baba yako."

"Baba haoni, na nyumba sasa ni ya Audace." Kisha, ili asilie mbele ya abiria, akauliza, "Umenipatia nini?"

Kassiani akainama, akatoa kitabu chini ya ubao. Kilihusu wachimbaji wa barafu mwezini, wanaume na wanawake wanaoishi ndani ya mapango waliyoyaziba na kuyajaza hewa. Kila kitu kilikuwa na hesabu yake: maji yalitoka wapi, vumbi liliharibu nini, mtu mzima alirukaje kama mtoto kwa sababu ya wepesi.

"Ni kizuri kuliko vyote," Kassiani alisema. "Kina uongo mmoja tu. Tazama."

Kwenye ukurasa ule mchimbaji alikuwa amechomwa na chuma kifuani, na kila akivuta pumzi hewa iliingia kwa kupitia kidonda. Daktari wao, mwanamke, aliweka kipande cha nailoni juu ya tundu akakibana pande tatu. Upande wa nne aliuacha wazi.

"Umeona?" Kassiani aligonga ukurasa kwa kidole. "Tatizo ni hewa kuingia. Sasa unazibaje dirisha halafu unaacha upenyo? Huyu mtu angekufa. Nimelala nalo, nimewauliza watu, wote wanacheka."

"Hao watu wameshaona kifua kilichotoboka?"

"Wewe umeona?"

"Hapana," Donatille alikiri. Pale zahanati alipima watoto na kusafisha vidonda vya jembe. "Lakini mwandishi ambaye hakukosea mahali pengine pote, akosee hapa? Nitamwuliza daktari."

"Muulize. Mpaka hapo ni uongo." Akatabasamu. "Siwezi kukupa kitabu chenye tundu, Donatille."

Hakuwahi kumwuliza daktari. Na sasa Jumapili imefika, mbuzi amechinjwa, na kengele ya baiskeli inalia njiani.

Kassiani alitokea kwenye migomba akisukuma baiskeli, shati jeupe limeloa mgongoni, mkoba wake wa turubai begani. Pale uani, chini ya kivuli cha paa, alikaa mzee Méthode, baba yake Donatille, mtoto wa jicho ameyafunika macho yote mawili kama ukungu. Mbele yake palikuwa na mtungi.

Mtungi ule ulikuwa umeletwa asubuhi na watu wa Polycarpe. Kwa Warundi kama hawa wa kijiji cha Mwamkulu posa haimalizwi kwa maneno. Upande wa mwanamume hutanguliza bia ya ndizi, mtungi ukawekwa mbele ya baba wa binti, mdomo umefunikwa kwa jani, mirija imelazwa pembeni. Hakuna anayegusa. Mchumba akifika, baba huutia mrija kwenye bia kwa mkono wake, akampa. Akishanywa, amepewa mke. Na mwanamume anayekunywa mtungi wa mwenzake amemnyang'anya mke mchana kweupe.

"Hodi hapa," Kassiani aliita.

"Karibu," mzee Méthode alijibu. Aligeuza uso upande wa sauti, akatega sikio kama mtu anayepima uzito wa kitu. Kisha akalitoa jani, akapapasa mrija, akauchomeka kwenye bia. "Karibu, mkwe. Shika."

Donatille, akiwa ameganda mlangoni pa jiko na sinia mkononi, alitaka kupiga kelele. Alimwona Kassiani akisimama ghafla, lile "mkwe" likimpiga kama jua la kutokea dirishani. Alimwona akiangaza uani, akimtafuta yeye, akimpata. Macho yao yalikutana juu ya mtungi. Kassiani hakujua mila ile yote, lakini neno alilijua, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Donatille angeitoa roho yake aiache hivyohivyo.

Akapiga goti. Akanywa.

Sinia ilianguka. Donatille alikimbia akamshika bega. "Ondoka! Panda baiskeli uondoke sasa hivi!"

"Baba yako ameniita mkwe."

"Haoni, Kassiani! Amedhani ni Polycarpe! Huo mtungi ni wa Polycarpe!"

Furaha ilimtoka taratibu. Aliutazama mrija mkononi, povu bado liko kwenye masharubu yake. "Mimi nilikuja kukuletea hiki tu," alisema, akatoa mkobani kitabu cha wachimbaji, kinang'aa ndani ya nailoni yake. "Nimeona ni afadhali uwe na chenye tundu kuliko kukosa kabisa. Na nilikuja kumwomba baba yako."

"Utamwomba siku nyingine. Nenda!"

Honi ililia. Gari dogo la mizigo likaingia uani likitimua kuku. Polycarpe alishuka kwa upande wa dereva, mtu mnene wa makamo, ndani ya suti ya kahawia, mfuko wa sukari mkononi. Nyuma waliruka mjomba wake Arcade na vijana wawili wenye mabega ya kubeba magunia.

Arcade ndiye aliyeona kwanza. Aliona jani limetolewa. Aliona mrija unadondosha bia. Aliona povu.

"Nani huyu?" aliuliza. "Nani huyu amekunywa mtungi wetu?"

"Arcade, kaa kwanza," mzee Méthode alianza. "Kaa nikueleze."

Arcade aliupiga mtungi teke. Ulipasuka kwa kishindo, bia ikamwagikia miguu ya mzee, vigae vikaruka mpaka ukutani. Yale maneno mengine ya mzee hakuna aliyeyasikia, kwa kuwa Audace alikuwa amekwisha kutokea nyuma ya nyumba.

"Wewe!" alisema. "Muuza makaratasi!"

"Shemeji, ngoja nikwambie," Kassiani alisema. "Nilipewa."

"Unaniita nani?"

Ngumi ya kwanza ilimkuta mdomoni. Kassiani alianguka juu ya benchi la wageni, benchi likavunjika, akainuka na damu kwenye shati jeupe. "Nilipewa," alirudia, polepole, kama mtu anayesoma. "Muulize mzee."

Ngumi ya pili ilimpata jichoni. Ya tatu Kassiani hakuingoja. Mtu huyu ambaye hakuwahi hata kumtukana mwizi wa vitabu alirusha mkono wake mrefu, na pua ya Audace ikavunjika kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

Hapo ndipo vijana wa magunia walipomvamia. Walimkata mtama, wakamkanyaga mbavuni, mgongoni, kichwani, vumbi likapanda. "Baiskeli yake! Vunja!" mmoja alipaza sauti, na mwenzake akainyanyua baiskeli akaibamiza chini mpaka gurudumu likapinda. Spès alipiga mayowe. Donatille aliukwapua mchi wa kinu kwa mikono miwili, wa kuungua na mzima, akampiga Arcade begani kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Arcade aliyumba. Kisha akageuka, akamzaba kofi lililomlaza chini kando ya vigae.

Kassiani aliliona kofi lile akiwa chini. Donatille hakujua nguvu alizipata wapi. Aliwakung'uta vijana wawili kama mtu anayevua koti, akamrukia Arcade kooni, wakaanguka pamoja, na mikono yake ikakaza.

"Mwachie mjomba!" mtu alipiga kelele. "Atamuua! Audace, atamuua!"

Audace alikuwa anapita nyuma yao, pua inavuja damu, machozi ya maumivu yanamziba macho, na kisu cha mbuzi kilikuwa bado mkononi. Pengine alikuwa amekisahau. Baadaye aliapa hivyo, na hakuna aliyeweza kusema vinginevyo kwa hakika. Mkono ulikwenda. Kisu kiliingia chini ya kwapa la kulia la Kassiani, kikazama, kikatoka.

Watu walirudi nyuma.

Kassiani alimwachia Arcade. Aliketi chini, akiwa na uso wa kushangaa tu, akaweka kiganja ubavuni. Alipovuta pumzi kilisikika kitu ambacho wote pale walikijua tangu utotoni: ule mlio wa mrija unaonyonya chini ya mtungi, bia ikiwa imekwisha.

Mlio ulitoka ubavuni mwake.

"Yesu na Maria," alisema Spès.

Donatille alikuwa amemfikia. Aliuchana mshono wa shati. Tundu halikuwa kubwa kuliko mdomo wa chupa, lakini lilikuwa linapumua. Akivuta, lilinyonya. Akitoa, lilitema povu jekundu. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya zambarau.

Akaukumbuka ukurasa.

"Kitabu!" alipaza sauti. "Kiko wapi kitabu?"

"Dada, mtu anakufa unataka kitabu?" Audace alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kilete!"

Ni Polycarpe aliyekiokota kwenye vumbi, akampa. Donatille aliivua nailoni kwa meno, akaukunjua mkoba wa Kassiani, akapata pale alipojua patakuwapo roli ya selotepu, maana mtu huyu hakutoka bila vifaa vyake. Alifuta damu kwa khanga mpaka ngozi ikakauka. Aliweka nailoni juu ya tundu. Akabana upande wa juu. Akabana wa kulia. Akabana wa kushoto. Kisha mkono wake ukasimama.

Kassiani alikuwa anamtazama. Alitikisa kichwa. "Pande... zote," alisema, kila neno kwa pumzi yake. "Ziba zote."

Angefanyaje? Kushoto kuna mtu anayempenda kuliko dunia, mtu aliyelala na swali hilo na kuuliza huku na huku. Kulia kuna mgeni fulani asiyemjua, aliyeandika hadithi ya mwezini kwa lugha ya mbali. Donatille akabana upande wa nne.

Mlio ulikoma. Watu walishusha pumzi. "Amepona," mmoja wa vijana wa magunia alisema.

Hakuwa amepona. Kwa muda mfupi Kassiani alitulia, kisha akaanza kuhangaika. Kifua chake upande wa kulia kilikuwa kimejaa na kukaza kama mpira wa gurudumu, hakishuki. Mishipa ya shingo ilisimama. Macho yalimtoka. Alifungua mdomo na hakuna kilichoingia.

"Unamuua," Arcade alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Huyo mwanamke anamuua."

Kama mpira wa gurudumu. Donatille aliyatupa macho kwenye baiskeli iliyolala imepinda pale uani, na akaiona, ile vali ndogo kwenye rimu. Hewa inaingia, haitoki. Pafu lilikuwa limetoboka ndani, linavujisha hewa kifuani, na yeye ameifungia mlango. Yule daktari wa mwezini hakuacha upenyo. Alitengeneza vali iliyogeuzwa: mtu akivuta, nailoni inajibandika, akitoa, hewa inapenya chini yake inaondoka.

Aliibandua selotepu ya chini.

Hewa ilitoka na mlio mrefu, pamoja na damu iliyomrukia usoni. Kifua kilishuka. Kassiani alivuta pumzi moja, kubwa, yenye mkoromo, na nailoni ikajinyonya juu ya ngozi ikaganda. Akatoa, ikapepea. Akavuta tena.

"Endelea," Donatille alimwambia, paji la uso wake juu ya paji lake. "Moja nyingine. Usiniache hapa na hawa watu. Moja nyingine, mpenzi wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya mtu. Hakuna aliyemkemea.

Zambarau ilififia midomoni. Donatille alimwegemeza upande ule wa jeraha, akaangalia juu. "Anahitaji hospitali. Sasa hivi."

Gari lilikuwa moja tu. Wote walimgeukia Polycarpe. Alikuwa bado na mfuko wa sukari mkononi, suti yake imerukiwa na bia aliyoinunua yeye mwenyewe. Alimtazama Donatille aliyekuwa amelowa damu ya mwanamume mwingine. Akaweka sukari chini.

"Mpandisheni," alisema.

"Polycarpe!" Arcade alisema. "Baada ya aibu hii?"

"Mjomba, mimi nilikuja kuoa. Sikuja kuzika mtu." Akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Na huyo hata akizikwa, huyu binti si wangu. Hamna macho nyie?"

Walimbeba juu ya mkeka. Ndipo mzee Méthode alipoinuka, akashika ukuta, akatembea juu ya vigae bila viatu mpaka alipomsikia Audace akihema.

"Kisu kiko wapi?"

"Nimekitupa, Data," Audace alijibu, akimwita baba kwa Kirundi.

"Umemchoma mkwe wako."

"Data, hukuona. Yule hakuwa Polycarpe. Ulimpa mrija mtu asiye wake."

"Macho yangu ndiyo mabovu," mzee alisema. "Masikio ni mazima. Polycarpe anabisha hodi kwa honi. Huyu kijana nilimsikia kengele yake tangu kwenye migomba, ileile inayomsindikiza binti yangu mpaka njiani, na nilijua ni nani. Jumatano nilimsikia binti yangu akilia na karatasi zinaungua, nikakaa pale kwenye kiti kama mtungi. Leo nikasema nitamaliza jambo hili kwa mrija, kimyakimya, kabla hamjageuka." Sauti ilimkatika. "Sikusema upesi. Hilo nitalijibu mimi. Lakini amekunywa, nami nimempa kwa mkono huu. Panda gari. Ukamshikilie asidondoke."

Audace alifuta pua kwa kiganja. Alitazama pale kisu kilipoangukia. Kisha akapanda.

Barabara ya kwenda Mpanda ilikuwa mashimo matupu. Polycarpe aliendesha kama aliyebeba mayai, na bado kila shimo lilimtoa Kassiani mguno. Audace alikaa amemwegemeza mgongo juu ya kifua chake, mikono ileile myekundu imemzunguka, analia bila sauti. Donatille alishikilia nailoni kwa vidole viwili, akihisi inavyonyonya na kupepea, kunyonya na kupepea.

"Polisi wakiniuliza, nitawaambia ni mimi," Audace alisema.

"Utawaambia," Donatille alijibu.

Kassiani alifungua jicho lile lililobaki zima. "Donatille."

"Usiongee."

"Kile kitabu."

Kilikuwa mapajani mwa Donatille, uchi, jalada limelowa. Hakukumbuka kuwa alikichukua.

"Ule ukurasa," Kassiani alisema, akangoja pumzi. "Ni vali."

"Ndiyo. Ni vali."

"Nilikosea."

"Ulikosea. Na mimi nilikusikiliza, nikakuziba pande zote, karibu nikuue. Nyamaza sasa."

Gari likavuka kijito kilichokauka, likapanda, na mbali mbele mabati ya kwanza ya mji yakaanza kuonekana. Donatille alidhani amelala, akainama kumsikiliza, naye akazungumza tena, karibu na sikio lake.

"Futa. Lile neno. Lisibaki."

Kwa mkono ulioungua Donatille alikifungua kitabu juu ya magoti, akautafuta ukurasa. Herufi zake ndogo, *uongo*, zilikuwa pale pembeni, za penseli, zenye uhakika wote wa Alhamisi. Kidole kimoja tu kingetosha kulisugua.

Akakifunga.

"Silifuti," alimwambia. "Wewe uliliandika. Utapona, utakaa, utalifuta mwenyewe mbele yangu."

Chini ya vidole vyake viwili nailoni ilijinyonya, ikaganda, ikapepea.